Tiketi za karatasi za ukumbusho nchini China: je, bado zinapatikana mahali ambapo kila kitu hulipiwa kwa simu?

Swali limeulizwa na Mwalimu wa Morogoro

Ndugu wanajamvi, poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na mwezi wa tisa nitakwenda China pamoja na walimu wenzangu kwa mafunzo mafupi, tukianzia Beijing na kumalizia Xi'an. Ratiba imetuachia nafasi ya kutembea, nami nimepanga kuona Kasri la Kifalme, Ukuta Mkuu, na lile jeshi la askari wa udongo waliozikwa karibu na kaburi la mfalme Qin Shi Huang.

Swali langu ni dogo, lakini kwangu lina uzito. Kwa miaka mingi nimekuwa nikihifadhi tiketi za kuingilia za kila mahali pa kihistoria ninapofika, na nimezipanga katika albamu ambayo wanafunzi huishika wenyewe darasani. Ipo ya magofu ya Kaole, ipo ya Bonde la Olduvai, ipo ya Ngome ya Yesu ya Mombasa ambayo mlinzi wa lango aliichana pembeni hadi herufi ya mwisho ya jina ikabaki kwenye kishina. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuvuka mto Ruvu akiishika karatasi ile, akaisoma bei, tarehe na namba iliyopigwa kwa wino mwekundu, huanza kuuliza maswali ambayo picha ya kitabuni haijawahi kumfanya aulize: nani aliichapa, fedha zilikwenda wapi, na kwa nini mgeni alitozwa zaidi ya mwenyeji. Katika maswali hayo ndimo linapoanzia somo langu la vyanzo vya historia.

Sasa wenzangu waliokwisha kufika China wananiambia kwamba huko hakuna tena kitu cha kuchanwa langoni. Unanunua kwa simu, unaiweka pasipoti juu ya mashine, kizuizi kinafunguka, unaingia na kutoka mikono mitupu. Naomba yeyote anayeishi huko au aliyepita karibuni anieleze: je, ipo njia ya kupata tiketi ya karatasi, hata kama ni ya ukumbusho tu na hata kama italipiwa pembeni? Na je, nikilipa kwa fedha taslimu badala ya simu, nitapewa karatasi?

Jibu la Mkaazi wa Xi'an

Shikamoo mwalimu. Ninasomea shahada ya uzamivu hapa Xi'an, na wageni kutoka nyumbani wanapokuja, mara nyingi mimi ndiye ninayewatembeza, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyaona malangoni.

Waliyokuambia wenzako ni kweli. Kasri la Kifalme la Beijing liliweka kikomo cha watu 80,000 kwa siku na kuanza kuuza tiketi kwa jina la mtu mwaka 2015, na ilipofika Oktoba 2017 mauzo yote yakahamishiwa kwenye intaneti. Tangu hapo pasipoti yako ndiyo tiketi yako. Bei ni yuan 60 kuanzia Aprili hadi Oktoba na yuan 40 katika miezi mingine, na Jumatatu hufungwa isipokuwa iwe sikukuu ya kitaifa. Kwa askari wa udongo, ambao wakulima waliokuwa wakichimba kisima waliwafukua mwaka 1974, kiingilio ni yuan 120, na huko pia unaandikishwa kwa namba ya pasipoti.

Karatasi ipo, ila huipati langoni. Wageni wengi humwomba yule mlinzi anayesimamia mashine, naye hana cha kuwapa, kwani kazi yake ni kuhakikisha mstari unasogea. Wewe nenda kwenye dirisha la tiketi au kwenye kituo cha huduma kwa wageni, tena uende kabla hujaingia, kwa sababu maeneo mengi makubwa huingiwa upande mmoja na kutokewa upande mwingine. Kwa mfano, kule Kasri la Kifalme unaingilia Lango la Wumen lililo kusini na kutokea Lango la Shenwu lililo kaskazini, na ukishatoka huruhusiwi kurudi ndani kwa tiketi ileile.

Ukifika dirishani, tenganisha mambo matatu ambayo wahudumu wenyewe huyatenganisha. Kuna tiketi inayotolewa na mashine baada ya kulipa, ambayo mara nyingi ni kipande cha karatasi nyembamba kama risiti ya dukani, chenye msimbo wa mraba wa kuskani. Kuna risiti ya malipo. Halafu kuna tiketi ya ukumbusho, ambayo huchapwa kwenye karatasi ngumu yenye picha ya mahali, na ambayo baadhi ya maeneo huwapa bure waliokwisha kununua kwa simu huku mengine yakiiuza dukani kwa yuan chache. Ukiomba tu tiketi, mhudumu ataitazama simu yako, ataona umeshanunua, na atakuelekeza langoni kwa nia njema kabisa. Andika kwenye simu maneno 纪念票, yanayotamkwa jinian piao, yaani tiketi ya ukumbusho, kisha umwonyeshe. Hapo ndipo atakapokuambia kama ipo au haipo.

Kuhusu fedha taslimu, noti za yuan ni fedha halali na benki kuu ya China imepiga marufuku kuzikataa; tena Machi 2024 serikali ilitoa mwongozo wa kuwarahisishia malipo wazee na wageni, na maeneo ya utalii yalitajwa. Kwa hiyo penye dirisha lenye mtu unaweza kulipa kwa noti, na anayelipa kwa noti dirishani ana nafasi kubwa zaidi ya kutoka na karatasi mkononi. Kasri la Kifalme usilijaribu kwa njia hiyo, kwa maana tiketi huisha mapema kwenye intaneti. Unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat, yaani programu za simu zinazotumika kulipia huku, ukiwa bado nyumbani. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, na yanayozidi hapo hukatwa asilimia 3.

Nikupe na njia moja ambayo vijana wa hapa wanaipenda sana. Makumbusho mengi yana mihuri ya ukumbusho, mingine ipo kwenye kaunta ya huduma na mingine dukani, nawe unaigonga mwenyewe kwenye daftari lako, mara nyingi bila malipo. Siku za mapumziko utawakuta wanafunzi wamepanga foleni mbele ya kimeza kidogo, kila mmoja ameshika daftari la karatasi nene, anaugandamiza muhuri kwenye wino, anaujaribu kwanza kwenye karatasi chakavu, kisha anauweka taratibu kwenye ukurasa wake na kuukandamiza kwa viganja viwili. Ninakusihi tu usiugonge kwenye pasipoti, hata kama mhudumu hakukatazi, kwa sababu muhuri usio wa uhamiaji unaweza kukuletea shida mpakani.

Jibu la Mfanyabiashara wa Yiwu

Mwalimu, mdogo wangu wa Xi'an amekujibu vizuri kuhusu namna ya kupata. Mimi niongeze sababu, kwa kuwa umesema wanafunzi wako huuliza nani alichapa karatasi na fedha zilikwenda wapi.

Tiketi nyingi za zamani za China zilikuwa hati za kodi. Ukibahatika kuona tiketi ya miaka ya nyuma, tazama karibu na jina la kivutio: mara nyingi utakuta muhuri mwekundu wa umbo la yai. Huo ni muhuri wa mamlaka ya kodi, unaothibitisha kwamba karatasi ile ni fapiao, yaani stakabadhi rasmi ambayo mfanyakazi angeweza kuipeleka kwa mhasibu wake akarudishiwa fedha. Kwa hiyo kivutio kilichapa tiketi kwa sababu sheria ya kodi ilihitaji karatasi, na ukumbusho ukapatikana humo humo bila mtu kuukusudia. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 stakabadhi za kielektroniki za mfumo mpya zinatumika nchi nzima. Ile sababu ya kuchapa imekwisha, na ndiyo maana leo karatasi ya ukumbusho inapaswa kutengenezwa makusudi, ikiwa na gharama yake na mtu wa kuiamulia.

Reli imepita njia hiyohiyo, na kwetu sisi wasafiri iliuma zaidi. Treni zilipoingia kwenye tiketi za kielektroniki, abiria aliendelea kuruhusiwa kuchapa kadi ya rangi ya buluu yenye jina lake, namba ya treni, kiti na vituo viwili vilivyounganishwa kwa mshale. Haikuwa tena tiketi, ilikuwa uthibitisho wa kudai fedha kazini, lakini watu walipanga foleni kwenye mashine za vituoni ili waichukue kama kumbukumbu ya safari ya fungate au ya kumpeleka mtoto chuoni. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 kadi hiyo haitolewi tena. Mwalimu, ukimpata rafiki mwenye kadi ya zamani, muombe akuachie moja, kwa maana katika somo la vyanzo vya historia sijui kama kuna mfano bora kuliko huo: hati iliyozaliwa kwa ajili ya mhasibu, ikapendwa na wasafiri, ikafa kwa uamuzi wa mhasibu.

Jibu la Kiongozi wa Watalii, Mombasa

Salaam alaykum nyote. Nimefurahi kuona Ngome ya Yesu imetajwa, na ninaona jambo hili halihitaji kwenda China ili kulikuta. Hapa Kenya Makumbusho ya Taifa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hupokea malipo kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni, na mgeni hubaki na ujumbe kwenye simu. Wageni wangu, hasa wenye umri mkubwa na wenye watoto, huniuliza kila mara iwapo kuna kitu cha kubaki nacho.

Mimi nimepata njia yangu. Nimechapisha kadi ndogo za karatasi ngumu zenye mchoro wa ngome na mwaka ilipoanza kujengwa, 1593. Mgeni anapomaliza matembezi ninaandika tarehe na jina lake kwa mkono, kisha ninamkabidhi. Mwalimu anaweza kufanya vivyo hivyo: achapishe ile tiketi ya kielektroniki kwenye duka la kuchapa nyaraka, tena kwa rangi, na wanafunzi wataona bei, tarehe na namba kama kawaida.

Jibu la Mfanyabiashara wa Yiwu

Kaka wa Mombasa, kadi yako ni zawadi nzuri na inafaa kwa mgeni wa matembezi, lakini kwa albamu ya mwalimu ninaona tofauti. Mwalimu anawafundisha vijana kuuliza karatasi ilitoka wapi. Nakala aliyoichapa mwenyewe itajibu kwamba imetoka kwenye duka la kuchapa.

Jibu la Kiongozi wa Watalii, Mombasa

Nakubali kwamba chimbuko lazima lisemwe, na ndiyo maana kadi zangu zimeandikwa wazi kwamba si tiketi. Kutengeneza kitu kinachofanana na tiketi halali ni kosa, na mwongozaji mwenye leseni hawezi kulicheza jambo hilo. Ila sikubali kwamba nakala haina thamani ya kufundishia. Ujumbe wa malipo uliochapwa una namba ya muamala, saa na dakika, mambo ambayo tiketi ile ya kuchanwa haikuwa nayo. Mwanafunzi akiviweka viwili hivyo pamoja, ataona jinsi serikali ilivyobadilisha namna ya kuhesabu watu na fedha zao.

Jibu la Mhifadhi Nyaraka

Ndugu zangu, mimi kazi yangu ni kutunza karatasi, na ninaomba mwalimu asiondoke hapa kabla sijamweleza jambo ambalo huwaliza watu wengi miaka michache baada ya safari.

Zile tiketi nyembamba zinazotolewa na mashine dirishani hazina wino. Ni karatasi ya joto, sawa na risiti za mashine ya EFD tunazopewa madukani. Uso wake umepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapokutana na kichwa chenye moto ndani ya mashine, na kemikali hiyohiyo huendelea kubadilika ikikutana na jua, joto, mafuta ya mikono na kimiminika chenye alikoholi, kama vile dawa ya kutakasia mikono. Sote tumewahi kuitafuta risiti ya kipindi cha nyuma tukakuta karatasi nyeupe. Tiketi ya Xi'an itakuwa vivyo hivyo ikiwekwa kwenye albamu inayoshikwa na watoto darasani.

Siku hiyohiyo unapoipokea, ipige picha safi au iskani pande zote mbili, na uandike nyuma yake kwa penseli laini mahali, tarehe na bei. Usiipeleke kulaminishwa hata kidogo, kwa sababu joto la mashine ya kulaminisha litaigeuza yote nyeusi mbele ya macho yako. Usiishike kwa gundi ya utepe. Usiiweke pia kwenye mifuko ya plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali na inayong'ang'ania karatasi, kwa sababu vilainishi vyake hula maandishi; tafuta mifuko ya polipropilini au ya poliesta, au bahasha ya kawaida ya karatasi isiyo na asidi. Asili ikae kabatini mahali pakavu pasipo na mwanga, na kinachozunguka darasani kiwe nakala. Hapo ushauri wa kaka wa Mombasa unapata nafasi yake kamili, mradi nakala iandikwe kwamba ni nakala.

Tiketi ya ukumbusho ya karatasi ngumu ni jambo jingine, kwa kuwa huchapwa kwa wino wa kiwandani na huishi muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi haina tarehe wala jina la aliyeinunua, hivyo haithibitishi kwamba wewe ulifika siku fulani. Kwa sababu hiyo ningekushauri uongeze posta. Kwenye vivutio vikubwa au karibu navyo huwa kuna ofisi au duka la posta. Nunua kadi ya picha, jiandikie anwani ya shule, bandika stempu, uitume. Muhuri wa posta una tarehe na jina la mahali, umegongwa na taasisi isiyojua lolote kuhusu albamu yako, na kwa mtu wa nyaraka huo ni ushahidi wenye nguvu kuliko karatasi yoyote ya dukani. Anwani ya shule iandike kwa herufi kubwa, na neno Tanzania liwe peke yake kwenye mstari wa mwisho.

Jibu la Mwalimu wa Morogoro

Nawashukuru sana. Nimeamua kufanya yafuatayo: Kasri nitalinunua kwa simu na kuulizia tiketi ya ukumbusho kwenye kituo cha huduma kabla ya kuingia, kwa Ukuta na kwa askari wa udongo nitajaribu dirisha na noti, na kila mji nitatuma kadi moja shuleni, wanafunzi waisubiri wenyewe. Daftari la mihuri nitalinunua hapa Morogoro lenye karatasi nene. Mjadala wa nakala na asili nitauleta darasani kama ulivyo, kwa sababu pande zote mbili zimenipa la kufundisha.

Limebaki moja. Dada au kaka wa Xi'an, umesema tiketi za Kasri huisha mapema. Ni mapema kiasi gani, na nitaweza kununua nikiwa bado Tanzania?

Jibu la Mkaazi wa Xi'an

Mwalimu, ni dada. Tiketi hufunguliwa siku 7 kabla ya siku ya kuingia, saa mbili kamili usiku kwa saa za Beijing, ambayo kwenu ni saa tisa kamili alasiri. Kwa hiyo kama siku yako ya Kasri inaangukia ndani ya juma la kwanza baada ya kufika, itakubidi ununue ukiwa bado Morogoro, pengine ukiwa katikati ya kipindi cha mwisho. Mwombe mwenzako akushikie darasa kwa muda huo. Majina na namba za pasipoti za wote mnaoingia pamoja yawe yameandikwa mahali pamoja kabla ya saa tisa kufika, na hakikisha kila herufi inafanana na ilivyo kwenye pasipoti. Kwa Xi'an usiwe na wasiwasi. Nitumie tarehe zenu ujumbe wa faragha, nitakwenda dirishani pamoja nanyi.